Kamera Imeshaingia Wodini, Mume Bado Yuko Nje

Mkataba ulikuwa kurasa mbili, na wa pili wote ni mambo niliyokatazwa. Usipige chini ya kiuno. Usipige uso wa mkunga. Mtoto asipolia, shusha kamera mpaka uambiwe. Picha aone mama kwanza, peke yake, ndipo mumewe. Nimepiga harusi, send-off, kipaimara na misiba kwetu Mbeya, kuanzia Uyole hadi Mbalizi, na sijawahi kupewa karatasi ya namna hiyo. Kwetu mwenye shughuli anauliza kama bei ni pamoja na albamu, basi.

Kazi yenyewe ilikuwa mama kujifungulia nyumbani kwake, ndani ya maji, hapa Uholanzi. Beseni la kujaza upepo, la kukodi, liko katikati ya sebule, mpira umetoka bomba la jikoni, kipimajoto kinaelea, maji yanachezea nyuzi 37. Kitanda nacho kimeinuliwa juu ya vigingi ili mkunga asivunjike mgongo. Niliwahi kwenda kwa sababu lenzi iliyotoka kwenye baridi ikiingia chumba chenye mvuke inapiga ukungu, huoni kitu. Flashi marufuku, mlio wa kamera nimeuzima, taa ni moja ya pembeni. Kamera nimeipandisha hadi ISO 6400 ili ione gizani, lenzi nimeifungua yote, na bado picha zina chenga. Mtoto alipotoka, mkunga alimpandisha juu ya maji papo hapo, akamlaza kifuani kwa mama. Lakini picha ninayoipenda haina mtoto. Ni mkono wa mume umezama hadi kiwiko, saa hajavua, na mkewe ameukamata kama anataka kuung'oa.

Hiyo ndiyo niliyoituma kwenye grupu la ukoo, kwa ruhusa ya mwenyewe. Uso hauonekani. Mwili hauonekani. Shangazi wa Tukuyu akaanza: "Mwanangu, ndiyo kazi uliyoifuata huko?" Baba mdogo akasema stara imekufa. Binamu yangu mmoja akamalizia kwamba tukishapanda ndege tunarudi na uchafu tukiuita ustaarabu.

Stara. Haya, tuzungumze stara.

Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake. Nani asiyejua ratiba? Asubuhi maandamano na sare za kitenge, mchana kikundi kinaingia wodi ya wazazi na sabuni za mche, pampasi na sukari. Mama amejifungua alfajiri, yuko kitandani na mwenzake, kanga imemteleza, hana hata nguvu ya kujifunika. Mgeni rasmi anamkabidhi sabuni, na sabuni haiachiwi mpaka mpiga picha aseme tayari. "Mama, hebu fungua kidogo tumwone mtoto." Jioni yuko kwenye magrupu ya wilaya nzima. Hiyo kazi naijua, ndiyo iliyokuwa inanilipia pango Mwanjelwa. Karatasi ya kusaini sijawahi kuiona, wala sijasikia mtu akimuuliza yule mama kama anataka.

Na mumewe yuko wapi saa hiyo? Yuko nje kwenye benchi, na koti lake na chupa ya chai, anasubiri saa ya kuona wagonjwa. Usiku kucha amekuwa hapo na baridi, akitumwa duka la dawa kila mlango ukifunguliwa. Najua utaniambia vitanda havina pazia, mume wako akiingia ataona wake za wenzake. Sawa kabisa, nakubali. Lakini mpiga picha wa mgeni rasmi yeye ana macho ya mbao?

Msinielewe vibaya, maana najua mtakavyoandika. Sijasema mama wa Makete ajaze maji sebuleni wakati wa masika, bodaboda imekwama kwenye utelezi na hospitali iko upande wa pili wa mlima. Wanaozalia nyumbani huku ni wale ambao ujauzito wao umepimwa ukaonekana hauna shida, mkunga aliyesomea yuko pembeni, na hospitali haiko mbali. Sisi tulikokuwa tunakujua. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 ulionyesha asilimia 81 ya uzazi unafanyika kwenye vituo vya afya, na vifo vya akina mama vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015 na 2016. Manesi wetu wamefanya hilo huku wakihudumia leba nzima wakiwa wawili. Mholanzi akinisimulia habari za beseni lake, namwambia namba hizo kwa kujidai.

Na kwenye kumlea mzazi hatufundishwi na mtu. Hapa kuna muuguzi anayekuja nyumbani siku nane hadi kumi, anamsaidia mama kunyonyesha, anafua hadi vinguo vya mtoto, na wenyewe wanaona ni maajabu. Bibi yangu anakukanda kwa maji ya moto mwezi mzima, uji wa ulezi hauishi mezani, na halipwi na bima yoyote. (Anakusema pia, lakini hiyo ni huduma ya ziada.)

Kuna aliyeniambia faragha kwamba hayo ya majini ni mashindano ya Instagram. Michel Odent, daktari wa Kifaransa wa Pithiviers, aliandika habari za uzazi 100 wa ndani ya maji hospitalini kwake mwaka 1983. Instagram ilikuwa wapi?

Ninachotaka ni pazia. Kitambaa na waya kati ya kitanda na kitanda, ili mume aingie na huyo mgeni rasmi abishe hodi. Kikundi kinachonunua katoni za sabuni kila Machi kinaweza kununua majora ya kitambaa.

Na wewe binamu, uliyeandika neno uchafu. Mwaka jana uliweka status ya mkeo ana dripu mkononi, mdomo wazi, usingizini, mtoto pembeni, umeandika "Mungu fundi". Wifi yangu aliiona kwenye simu ya jirani. Ulimuuliza?