Matuta Tisa, Viongozi Kumi na Mmoja

Bustani yetu ya mtaa, huku Tabata, ina matuta tisa. Viongozi ni kumi na mmoja. Tuna mwenyekiti, makamu mwenyekiti, katibu, katibu msaidizi, mhazini, mlezi, mshauri wa mlezi, na mjumbe wa maadili, ambaye mpaka leo sijajua anashughulikia maadili ya nani, yetu au ya bilinganya. Waliobaki ni kamati tendaji. Jembe ni moja, na mpini wake umefungwa mpira wa baiskeli.

Mimi si kiongozi. Mimi ni "nguvu kazi". Katibu kaliandika mwenyewe kwenye daftari, mbele ya jina langu, kwa kalamu nyekundu.

Pale zamani palikuwa jalala. Siku ya kusafisha walikuja watu kibao, maana kulikuwa na mpiga picha. Kesho yake, kwenye kuokota vipande vya chupa na pampasi, kila mtu alikuwa na msiba wa shangazi.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha kuamua tupande nini. Mngeona! Mgogo wetu anataka mlenda. Mama wa Kichaga anayeuza mtindi akasema bila mnafu yeye hatoi hata ndoo moja ya maji. Mhaya yeye alikuja na mche wa mgomba kauviringisha kwenye kiroba, akausimamisha katikati ya kikao kama kielelezo mahakamani, anauliza tuta lake ni lipi. Mgomba! Kwenye eneo ambalo ukinyoosha miguu kisigino kiko kwa jirani! Mwisho tukaangukia mchicha na matembele. Mchicha wiki tatu nne unachuma, matembele unachomeka tu kipande cha mche ardhini unaenda zako. Mboga za wavivu, zikatuenea vizuri.

Tukawa watano tunaofika kweli. Mara zikaja habari za mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudi 2024. Weee! Bustani ilifurika. Vijana wa kijiwe cha bodaboda, ambao hawajui matembele yanaliwa jani au mzizi, ghafla wakawa wakulima. Mimi nimesimama pembeni nasikia nne, nne, mbili, nikadhani wanapanga timu. Nikauliza, sasa mwanaume mtu mzima, hana ulemavu, anacheza namba ngapi? Katibu hata hakuniangalia. "Wewe kaka shika jembe." Walipoambiwa riba hakuna, ila hela yenyewe inarejeshwa, jioni tulikuwa wale wale watano, na mbwa wa jirani.

Haya, mbolea. Mzee wa kona anafuga kuku wa mayai, akajitolea magunia ya samadi. Mzee mwema, sina neno naye. Lakini samadi ya kuku lazima ikae kwanza, ioze, ipoe. Ikiwa mbichi inaunguza mimea. Nikamwendea kwa adabu zote. "Shikamoo mzee. Hii bado ina moto." Akaniambia amelima tangu enzi za Mwalimu. Ikamwagwa. Sasa jioni ile ile nyumba ya pili kulikuwa na sendoff. Bibi harusi mtarajiwa anaingia, matarumbeta yanalia, na upepo nao ukageuka. Emsii anasema "mikono juu!", watu mikono iko puani. Mama mwenye shughuli akatoka na vitenge vyake mpaka bustanini, akawapita mwenyekiti na mlezi wamekaa kwenye viti vya plastiki, akaja moja kwa moja kwangu mimi nguvu kazi. "Shemeji, sisi tumekukosea nini?"

Na tuta lile mchicha uliungua wote. Mzee akasema mbegu feki.

Kupalilia ndiyo usiseme. Ndago ukiivuta jani linakuja, kile kitunguu chake cheusi kinabaki chini, keshokutwa zimetoka mbili. Inabidi upige magoti, uchimbe kwa kisu taratibu, jua la saa nne liko kisogoni. Saa hiyo hiyo ndipo wanapopita wenye ushauri. "Kaka, ungeanzia upande ule." "Jirani, mwarobaini! Twanga majani, loweka usiku kucha, chuja, weka sabuni kidogo, nyunyiza. Vidukari kwisha habari." Najua unasaidia. Mti wenyewe wa mwarobaini uko mlangoni kwako na kinu unacho. Twanga basi!

Lakini hayo yote navumilia. Ninachoshindwa ni uvunaji. Mchicha ukikata juu, ukaacha shina na majani machache, unachipua, unachuma tena. Nimelisema hili mpaka sauti imekauka. Watu wanakuja na beseni, wananyofoa na mizizi yake na udongo wake, tuta zima linabaki mashimo. Ukiuliza unajibiwa, "Si ndivyo wanavyouza sokoni?" Genge liko hapo mkabala, fungu shilingi 500, haendi mtu. Wanangoja letu. Na hao wenye beseni sijawahi kuwaona na ndoo ya kumwagilia, hata kwa bahati mbaya.

Kuna na kuku wa mama mmoja, ana vifaranga, kila alfajiri anaingia kuchakura miche. Ungedhani tutaziba tundu la uzio. Hapana. Kamati ilikaa, ikaandika barua, ikapigwa mhuri: "Yah: KUKU WAKO." Mama akajibu barua ameisoma, na kuku amemsomea pia, ila hajaelewa.

Novemba 2024, wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa, mgombea mmoja alikuja kupiga picha na jembe letu bovu. Akaahidi kisima. Mpini ukachomoka mkononi mwake, wakapiga makofi.

Jana katibu katuma ujumbe: Jumamosi kupalilia, wote, saa kumi na mbili asubuhi kamili, atakayechelewa faini 2,000. Makamu kajibu "Pamoja sana". Mlezi kaweka dole gumba. Mjumbe wa maadili kaweka maua matatu. Mimi nitaenda saa mbili, niwawahi hao wa saa kumi na mbili.