Kidude cha Shemeji

Jamani, aliyebuni hivi vidude vya GPS vya kupandia milima alikuwa na ugomvi na nani?

Shemeji yangu kanunua kimoja. Hata hajakizoea, kapakua njia ya kupanda Bondwa, hapa hapa Uluguru, iliyorekodiwa na mtalii tusiyemjua, wala hatujui siku hiyo aliamkaje. Sasa kutoka Morogoro mjini kwenda Morningside nani asiyejua njia? Wauza karoti wanashuka nayo kila alfajiri na tenga kichwani. Lakini sisi, hakuna kunyanyua mguu mpaka kidude kiulizwe.

Tatizo ni kwamba kidude hakichagui cha kurekodi. Kinadondosha nukta popote mwenyewe anapopita, kisha kinaziunga kwa mstari. Umekwenda kutazama mandhari, umekwenda kujisaidia, kwake yote njia. Basi tukafika mahali mstari ukakata kulia, ukaingia migombani, ukazunguka nyuma ya kichuguu, ukarudi barabarani. Shemeji akaufuata. Na mimi mtu mzima, baba wa watoto, nikamfuata. Nikamuuliza, "Huyu mzungu alifuata nini huku?" Kimya. Nikakiangalia kile kichuguu vizuri, nikaelewa.

Mbele kidogo mstari unapita katikati ya shamba la njegere. Bila shaka jamaa alipita kiangazi, ardhi tupu. Mama mwenye shamba akasimama na jembe lake.

"Wanangu, njia si hiyo hapo?"

"Shikamoo mama. Tunafuata ramani."

"Marahaba. Na hiyo ramani ndiyo itakayonilipa njegere zangu?"

Nikatoa elfu tano mimi, maana pesa za shemeji zote zimo ndani ya kidude.

Ukimbishia, anakupandisha angani. Eti satelaiti ziko juu kama kilomita 20,200, na zikionekana angalau nne, kidude kinajua ulipo. Sawa. Nne za huko juu zinaniona, yeye mama wa hapo mbele hakumwona? Tena anasema mpaka Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiyavuruga makusudi mawimbi ya raia. Ndiyo zama nilizozitaka mimi! Ukipotea una wa kumlaumu, tena serikali nzima.

Juu ya Morningside, msituni, ndiyo kikachanganyikiwa kabisa. Nikikwepa tope, tii! Nimetoka njiani. Nikisimama palepale nafunga kamba ya kiatu, tii! Shemeji anakitetea: miti inakinga mawimbi, mengine yanagonga miamba kabla ya kufika, kwa hiyo kinaweza kukosea mita kadhaa. Mita kadhaa! Uluguru mita kadhaa ni korongo, bwana.

Na mnajua kafanya nini tuliporudi? Kapandisha mtandaoni safari yetu yote, kichuguu na njegere humo humo. Kuna mtu kashaandika, "Asante, Jumamosi tunaifuata."

Tunakwenda kundi la watu kumi na tano, kasema.