Ngoma Ikikimbia, Kinanda Kitulie

Kuna muziki wa kompyuta, kama ule wa Aphex Twin wa Uingereza, ambao watu wengi huuvumilia sekunde 10 tu, kisha wanaomba upunguzwe. Ngoma zinakwenda mbio kupita kiasi, zinakatika ghafla, zinarudi kabla hujajiandaa, na mwimbaji wa kukuongoza hayupo. Ukiwauliza mashabiki wake wanapenda nini humo, wengi watakutajia hizo ngoma: spidi yake, ugumu wake, ufundi wa aliyezipanga. Mimi ni shabiki wa miaka mingi na kwa hili sikubaliani nao. Ngoma peke yake zinachosha. Kinachonirudisha kila mara ni kinanda kinachopita juu yake taratibu, hakina habari na vurugu iliyo chini.

Ukiwa kwenye basi la Arusha na umeshaiacha Mombo, mkonge wa kando ya barabara unapita kasi hadi macho yanachoka, lakini ukiinua uso milima iko palepale, inasogea kidogo kidogo kwa wakati wake. Gari ni moja, dirisha ni moja, mwendo ni miwili. Muziki huu unalifanyia sikio jambo hilohilo. Anayelalamika kuwa ni kelele mara nyingi ameukodolea macho mkonge tu.

Ngoma zenyewe zina ukoo, na ukoo huo unaanzia mbali na kompyuta. Mwaka 1969 kundi la The Winstons la Washington, Marekani, lilitoa santuri ambayo upande wake wa pili ulikuwa na kibao kiitwacho "Amen, Brother". Katikati ya kibao hicho wenzake wote wananyamaza, mpiga ngoma Gregory Coleman anabaki peke yake kwa duru nne, sekunde 6 au 7 hivi, kisha kundi linaendelea na shughuli. Miaka ya 1980, vyombo vya kunasa na kurudia sauti vilipoanza kupatikana, watu wa hip hop wakakidaka kipande kile. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa London wakakichukua wao, wakakipandisha hadi mapigo 160 na zaidi kwa dakika, wakakikatakata pigo kwa pigo na kukipanga upya. Huo ndio ukawa muziki wa jungle. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kuambulia malipo ya pigo lake lililotumika katika maelfu ya nyimbo, na kwangu hilo ni doa ambalo hakuna ufundi wa studio unaoweza kulifuta.

Tangu siku hizo za jungle siri ya mwendo miwili ilikuwa tayari imejulikana. Wengi wa waliouunda walilelewa na besi nzito ya rege, iliyofika Uingereza pamoja na familia kutoka Jamaika na visiwa jirani. Ngoma zikikimbia kwa mapigo 160, besi ilitembea kwa 80. Mwenye nguvu alicheza na ngoma, aliyechoka alicheza na besi, na wote wawili walikuwa sawa.

Kisha wakaja watu waliokuwa mbali kidogo na kumbi za London. Richard D. James, anayejulikana zaidi kama Aphex Twin, alikulia Cornwall, kule kusini-magharibi kabisa mwa Uingereza. Tom Jenkinson, yaani Squarepusher, alitoka Chelmsford na alikuwa mpiga gitaa la besi kabla ya yote. Mike Paradinas akatumia jina la µ-Ziq. Hawa walizichukua zile ngoma zilizokatwakatwa wakazivuruga kuliko ilivyowahi kufanyika, hadi pakawa hapachezeki tena kwa urahisi. Hapo ndipo wengi huishia wanaposimulia habari zao. Husahau kusema kwamba watu haohao walikuwa watunzi wa melodi tamu ajabu, nyingine rahisi kiasi cha kuimbwa na mtoto wa chekechea. Sikiliza albamu aliyoitoa Aphex Twin mwaka 1996 na kuipa jina lake mwenyewe, iliyotolewa na kampuni ya Warp, ambayo ilianzia Sheffield. Imejaa sauti za nyuzi, tena zenye upole, na chini yake ngoma haziketi.

Mfano ninaowapa watu ni "Flim", kibao cha mwaka 1997 ambacho hakifiki hata dakika 3. Kinaanza na noti chache laini, sauti yake iko kati ya piano na kengele. Ngoma zinaingia kwa wepesi, zinababaika, zinajikwaa makusudi, zinajipenyeza katika nafasi iliyobaki kati ya noti na noti. Chini yake besi inapita kwa heshima zake. Jaribu kuzifuta ngoma kichwani mwako: unabaki na wimbo wa kumlaza mtoto. Sasa futa kinanda, ziache ngoma: unabaki na kiherehere kitupu. Viwili hivyo havina uhusiano wowote hadi vinapowekwa pamoja, na vikishawekwa pamoja, upole wa kile kinanda unaanza kuuma. Kikiwa peke yake ungekiona kizuri na kukipita. Lakini ukisikia kimezungukwa na fujo na bado hakijapandisha sauti wala kuongeza mwendo, unakiheshimu.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani mpaka uweke sikio karibu. Gonga meza mara 5 kwa sekunde, utasikia mapigo matano. Iwapo mashine itagonga mara 20 kwa sekunde na kuzidi, sikio linashindwa kuyahesabu; mapigo yanaungana yanakuwa mlio mmoja wenye noti yake. Ukiongeza kasi, noti inapanda. Ukipunguza, inashuka, kisha inavunjika inarudi kuwa mapigo. Prodyuza wa muziki huu huchukua pigo moja la ngoma ndogo, analirudia kwa kasi inayopanda, na mbele ya masikio yako ngoma inageuka kuwa kinanda. Halafu anairudisha ilikotoka. Ndiyo ile sauti ya kuzizima unayoisikia katikati ya vibao hivi, ambayo asiyejua hudhani kompyuta imekwama. Mara ya kwanza nilipoelewa kinachotendeka pale, mpaka kati ya mdundo na melodi niliozoea kuuchukulia kama ukuta ukaonekana kumbe ni suala la kasi tu.

Si kila anayekimbiza ngoma ana la kusema, lakini. Zipo albamu nzima za aina hii ambazo ni majigambo ya mtu na programu yake: pigo juu ya pigo, dakika 60, hakuna hata noti tatu utakazoondoka nazo. Nazisikiliza kama ninavyomtazama mtu anayechezea mpira kwa goti mara elfu. Bravo, lakini goli liko wapi? Aaron Funk wa Winnipeg, Kanada, anayetoa kazi kwa jina la Venetian Snares, ana kazi nyingi zinazonichosha kwa namna hiyo. Kisha mwaka 2005 akatoa albamu yenye jina la Kihungari, iliyojaa fidla na chelo, na kila ninapoisikiliza namsamehe yote. Anaziacha nyuzi zilie peke yake kwa muda mrefu, unaanza kuamini hii ni orkestra ya kawaida, halafu ngoma zinafumka kwa hesabu ya saba, yaani mapigo saba kila duru, badala ya nne tuliyoizoea. Nyuzi haziondoki. Zinaendelea na huzuni yake kama zilivyoanza, na hesabu ile ya saba inalinyima sikio pa kutulia kwenye ngoma, hivyo huna ujanja ila kuzishikilia nyuzi.

Sasa nije nyumbani, maana nimeshasikia mara nyingi kwamba huu ni muziki wa Wazungu waliokosa kazi. Ngoma zinazokimbia kuliko za Aphex Twin zinatengenezwa Dar es Salaam. Singeli inapiga kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Haikupitia Sheffield wala Cornwall. Ilipitia mchiriku, muziki wa mitaani wa Dar es Salaam, na vile vinanda vidogo vya Casio, ikapitia sherehe za vigodoro za usiku kucha, ikakulia Manzese, Tandale na Mburahati kwenye kompyuta za bei ya chini. Mwanzoni prodyuza alichukua kipande cha kinanda cha taarab, akakizungusha na kukisukuma mbio, MC akachana juu yake. Piga hesabu: mapigo 300 kwa dakika ni 5 kwa sekunde. Ukiligawa kila pigo mara nne unapata 20 kwa sekunde, yaani umefika pale pale ambapo sikio linaanza kushindwa kutofautisha mdundo na noti. Wenzetu wa Uingereza walifika hapo kwa vipande vifupi vya kuzuga. Singeli inaweza kukaa hapo kibao kizima na watu wakakata mauno.

Kwenye singeli, hata hivyo, kinanda hakitembei taratibu. Nacho kimekimbizwa, taarab ya watu imekuwa sauti ya kitoto. Utulivu unatokea wapi basi? Unatokana na kurudia. Kipande kilekile cha sekunde mbili tatu kinazunguka, kinazunguka, hakibadiliki, mpaka sikio linaacha kukifuata na kukiona kimesimama. MC anaweza kuchana anavyotaka, ngoma ziruke zinavyotaka, kile kinanda ni nguzo. Taarab ina maringo ya mtu asiye na haraka, na nashawishika kuamini kuwa hata ikikimbizwa namna ile maringo hayaishi yote. Mwenye masikio ya Tanga au Unguja anakitambua kinanda kile papo hapo na kucheka.

Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na ghafla majarida ya muziki ya Ulaya yakawa yanaisifia singeli kwa maneno yaleyale waliyokuwa wakiyatumia kwa akina Squarepusher. Huku kwetu watu walewale walikuwa wakiitwa wahuni. Kule Uingereza nako mashabiki walishauita muziki wa akina Aphex Twin muziki wa dansi "wenye akili", eti kuutofautisha na ule wa kumbini, na wanamuziki wengi wenyewe hawakulipenda jina hilo. Wana haki. Kijana wa Manzese anayejua ni sekunde ipi hasa ya kukata ngoma ili ukumbi mzima upige kelele amefanya hesabu ngumu kuliko mtu aliyejifungia chumbani na hadhira yake ni ukuta. Nasema hivi nikiwa upande wa huyo wa chumbani pia.

Katika kizazi cha karibuni pande hizi mbili zimeanza kufanana bila kuombana ruhusa. Albamu ya prodyuza wa singeli DJ Travella ya mwaka 2022, "Mr Mixondo", haimtegemei MC. Vinanda vyake ndivyo vinavyobeba mazungumzo, vinapanda na kushuka kwa utundu, vingine vina mlio wa michezo ya video, na ngoma za singeli zinachapa chini yake bila huruma. Ukimwekea shabiki wa µ-Ziq asiyejua Dar es Salaam iko wapi, hatahitaji maelezo. Kabla yake Bamba Pana alishafanya hivyo mwaka 2018 kwenye "Poaa", na hiyo kwangu bado ndiyo albamu ya singeli yenye melodi zinazong'ang'ania kichwani kuliko zote. Wengine watanibishia na kumtaja Jay Mitta, naye prodyuza wa singeli. Ubishi huo naupokea kwa mikono miwili.

Kama unataka kujaribu, usitumie spika ya simu. Spika ya simu inameza besi, inakuachia sauti za juu tu, na hapo kweli ni kelele, walalamikaji wana hoja. Tafuta visikilizio vya masikioni vyenye besi ya maana, au spika kubwa ya jirani mwenye sherehe. Usianze na vibao vinavyosifiwa kwa ukali. Watu hupenda kukurushia hivyo kwanza ili waone uso wako ukikunjamana. Anza na "Flim". Isikilize mara ya kwanza ukifuata kinanda peke yake, na ukipotea rudi kwenye kinanda. Ukishaizoea nenda "Poaa", na hapo fanya kinyume, ziache ngoma zikubebe na kinanda kikae mahali pake. Venetian Snares na hesabu yake ya saba waache kwa siku ambayo huna mgeni nyumbani.