Daktari mtarajali na lawama zinazoelekezwa chuoni peke yake

Kila kundi jipya la madaktari watarajali, yaani wahitimu wanaofanya kazi chini ya uangalizi, linapoingia wodini, malalamiko huwa ni yaleyale: vyuo vinatoa wasomi wa vitabu. Yana ukweli wake. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kukutajia sababu kumi za potasiamu kupanda katika damu. Ila muuguzi akimpigia saa tisa usiku kwamba potasiamu ya mgonjwa ni 6.8, kiwango cha hatari, anatakiwa kujua kipi kitangulie kati ya kupima umeme wa moyo, kutoa kalsiamu na kuchoma insulini pamoja na glukosi, na kama amwamshe bingwa. Mtihani haujawahi kumuuliza kuhusu kumwamsha bingwa.

Wapo wanaotetea kozi fupi kabla ya kuanza kazi: wiki moja au mbili za kuandika dawa, kukabidhi wagonjwa zamu zinapobadilishana, na kuhudumia sanamu ya mafunzo “inayozidiwa” kama mgonjwa. Hoja yao ni nzito, kwa kuwa kosa linalofanyika kwenye sanamu halimdhuru mtu na linaweza kurudiwa hadi mkono uzoee. Kwa kufufua mgonjwa aliyesimama moyo, sioni njia bora kuliko hiyo. Tatizo ni kwamba kozi za namna hii huongeza kujiamini haraka kuliko zinavyoongeza busara. Sanamu haina ndugu wanaosubiri majibu mlangoni, na haizidiwi wakati wodi ya pili nayo inakuita.

Wengine wanasema mwanafunzi apewe kazi halisi mapema. New Zealand imefanya hivyo kwa miaka mingi: mwaka wa sita, mwanafunzi huwa sehemu ya timu ya wodi na hupata posho ya serikali. Anampokea mgonjwa, anapendekeza tiba, na daktari mwenye leseni anahakiki na kusaini. Mimi naegemea huku, kwa sharti moja. Pale wafanyakazi wanapokuwa wachache, mwanafunzi huyo hugeuka tarishi wa kupeleka sampuli maabara na kufukuzia majibu. Mwaka mzima wa kazi hiyo humfundisha korido za hospitali, basi. Anajifunza pale mkubwa wake anapomuuliza, “Wewe ungefanya nini?” na kusubiri jibu kabla ya kutoa lake.

Lakini pande zote mbili zinachukulia kwamba kasoro imo ndani ya kijana. Utafiti uliofanyika katika hospitali 19 za kaskazini-magharibi mwa England, ukatolewa mwaka 2009, unaitia doa dhana hiyo. Katika maagizo ya dawa zaidi ya 124,000, yenye makosa yalikuwa asilimia 8.9. Watarajali wa mwaka wa kwanza walikosea asilimia 8.4, madaktari wa mwaka wa pili asilimia 10.3, na mabingwa wenyewe 5.9. Kama ugeni ndio ungekuwa chanzo kikuu, mwaka wa pili ungepaswa kuwa na nafuu.

Hata hivyo ugeni una gharama. Uchambuzi mwingine wa mwaka huohuo, pia wa England, ulilinganisha wagonjwa wa dharura waliolazwa Jumatano ya mwisho ya Julai na wale wa Jumatano ya kwanza ya Agosti, siku madaktari wapya wanapoanza. Baada ya kuzingatia tofauti za wagonjwa, uwezekano wa kufariki kwa kundi la Agosti ulikuwa juu kwa takriban asilimia 6. Siku hiyo si watarajali pekee wanaohama; madaktari wa ngazi za juu yao nao hubadilisha vituo, kwa hiyo anayeulizwa anaweza kuwa mgeni sawa na anayeuliza.

Ndiyo maana ningeanzia kwenye ratiba ya hospitali kabla ya mtaala: madaktari wahamishwe kwa mafungu, mtarajali asiachwe peke yake usiku katika wiki za mwanzo, na jina la bingwa wa zamu libandikwe pamoja na namba yake. Chuo nacho kipime kwenye mtihani wa mwisho jinsi mwanafunzi anavyoomba msaada kwa simu: anaanza na lipi, anataja vipimo gani, na anafanya nini akiambiwa “subiri hadi asubuhi” ilhali mgonjwa anazidi kuzama.