Tusiwabebeshe vijana peke yao

Mwandishi, katika makala yako umesema kweli kwamba tamaa ya vitu inatumaliza hapa Dar, ila lawama zote umewatupia vijana na simu zao. Sisi wakubwa je? Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa kwenye kampuni, hata nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991 kikao cha chama tawala, CCM, kilichokaa kule Zanzibar kikayalegeza masharti hayo, nasi tukazoea kumpima mheshimiwa kwa gari lake. Watoto walikuwa wanatutazama.

Masika yaliyopita mtaro wetu huku Kinondoni uliziba. Maji machafu yaliingia kwa mama muuza vitumbua, yakalowesha godoro na kiroba chake cha mchele. Tukaitisha mkutano wa mtaa, tukafika watu tisa! Jirani mwenye geti kubwa alinirushia elfu kumi kwenye simu: "Tafuteni kijana azibue." Hela tuliitumia, sikatai, lakini zamani angetoka na chepe lake tukazibua wote.

Kilichoniuma zaidi ni mwanangu wa darasa la sita. Aliniona nimejaa tope akaniuliza, "Baba, maji si hayajafika kwetu?"