Milimita 50 ni madumu mangapi?

Kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi hapa Tanga, mama mmoja alisimama akasema: "Mwalimu, mimi mwanangu nimemleta asome. Matope yako tele nyumbani." Watu wakacheka, mwalimu naye akacheka, lakini ujumbe ulikuwa umefika. Darasa la tano lilikuwa limemaliza vipindi vinne vya somo la mafuriko likimwaga maji kwenye makarai ya fundi na kupima mvua kwa chupa za plastiki zilizokatwa shingo, na mitihani ya muhula ilikuwa mlangoni.

Yule mama hakukosea kila kitu, nami nitarudi kwake. Ila tangu siku ile nasikia jambo hili likizungumzwa kana kwamba ni ugomvi kati ya kusoma na kucheza, na likishawekwa hivyo mwalimu ameshindwa kabla hajafungua mdomo.

Tuanze na tangazo tunalolisikia kila masika. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitaja mvua kubwa, inakusudia mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 ni sentimita 5. Mwambie mtoto akuoneshe kwa vidole, atakuonesha nafasi ya yai la kuku kupita. Mwambie baba yake, atakuonesha nafasi hiyo hiyo. Nani anakimbia yai? Tunazima redio, tunakunja suruali, tunakwenda zetu kazini. Nimesikia watu wakilaumu mamlaka kwamba matangazo yake hayaeleweki, mimi naona yanasema wazi kabisa. Kilichokosekana ni kipimo kichwani mwa msikilizaji.

Mwalimu yule aliwatoa watoto nje wakapima paa la banda la madarasa: mita 30 kwa 8, yaani mita za mraba 240. Akawaambia kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hawakuamini, na walikuwa na haki ya kutoamini, maana ni jambo ambalo wengi wetu tulilikariri tu au hatukuambiwa kabisa. Basi wakapanga matofali kwenye sakafu, mita moja kwa mita moja, wakatandika nailoni ndani, wakamimina nusu dumu, lita 10. Mtoto mmoja akainama na rula, akasoma mara mbili, akasema kwa sauti ndogo, "Kumi, mwalimu." Milimita 10.

Baada ya hapo hesabu ilikwenda yenyewe. 240 mara 50, lita 12,000. Gawanya kwa 20, madumu 600. Hapo darasa likapiga kelele. Hakuna mtoto wa kwetu asiyelijua dumu la lita 20, analijua kwa kichwa na kwa shingo, na alilolibeba asubuhi ile bado analisikia begani. Madumu 600 kutoka paa moja kwa siku moja! Na uwanja wa mpira wa mita 100 kwa 60? Madumu 15,000. Na kilometa moja ya mraba ya mlima? Madumu milioni mbili na nusu.

Binti mmoja akauliza, "Sasa yote hayo yanakwenda wapi?"

Kwangu mimi swali hilo peke yake lilitosha kulipia vipindi vinne. Kwa sababu mtoto anayeuliza hivyo ameshatoka shuleni kwa akili yake, anafuata maji. Walitoka kweli, wakafuata michirizi chini ya paa, wakapita getini, wakashuka mtaroni mpaka kwenye kalavati la barabarani. Wakachora ramani. Na kutoka hapo mwalimu akawapandisha kwa maneno hadi Amani, kwenye misitu ya Usambara Mashariki, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000 na ambako mto Zigi unaanzia kabla ya kushuka kwenye bwawa la Mabayani, yale maji tunayokunywa mjini. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama huku chini, jua linamchoma utosini, na mto ukamjia umejaa. Mvua yake ilinyesha kwa wengine. Kitabu kinalisema jambo hili kwa sentensi moja, na mtoto huijibu kwa sentensi moja kwenye mtihani, kisha anakwenda kuogelea. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, walisema wazee.

Makarai yenyewe sitayaeleza sana. Moja lilijazwa udongo mtupu, la pili ukoka uliong'olewa na mizizi yake, yote yakainamishwa sawa na kumwagiwa maji kwa kopo lililotobolewa. La kwanza lilitoa maji haraka, mekundu kama chai ya maziwa, la pili likatoa taratibu na yakiwa na unafuu wa rangi. Ni jaribio la dakika kumi. Ila baada yake huhitaji tena kumhubiria mtoto kwa nini wakulima wa kando ya Zigi wanaambiwa waache nyasi na miti ukingoni.

Sasa upande wa pili, kwanza usalama. Wapo wanaosema kuwapeleka watoto mtoni ni kuwapeleka kwenye hatari unayotaka kuwaepusha nayo, na hapa nawaunga mkono bila kusita. Mto Pangani una mamba. Vidimbwi vya maji yaliyotulia vina konokono wa kichocho. Walimu wawili hawawezi kulinda watoto sabini kwenye ukingo unaomeguka. Lakini tazama: katika yote niliyoeleza, hakuna aliyekanyaga mto. Hata kasi ya maji ilipimwa kwenye mtaro wa saruji wa shule, kwa chungwa, na kwetu sisi majirani wa Muheza chungwa si kitu cha kutafuta. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo hauliyumbishi, linakwenda na maji. Likitumia sekunde 20 kumaliza mita 10, maji yanakwenda nusu mita kwa sekunde. Likitumia sekunde 5, kasi imeongezeka mara nne, na nguvu ya kusukuma mguu wako imeongezeka mara 16. Mtoto aliyeliona chungwa likimponyoka hivyo anaelewa kwa nini sentimita 15 tu za maji ya kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima.

Hoja ya mitihani naipa nafasi ndogo. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, wenyewe unadai umahiri na vitendo. Kama mtihani bado unauliza "taja sababu tatu za mafuriko", tuulalamikie mtihani.

Hoja inayoninyima usingizi ni nyingine. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kwenye kikao kile aliisema vizuri kuliko ninavyoweza: watoto hawakujenga bondeni, watoto hawakuziba mitaro, kwa nini somo la mafuriko wapewe wao? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sote tunajua tulivyoizoea kuivunja. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155. Siku chache kabla, Aprili 12, gari la shule lilisombwa na maji likivuka korongo jijini Arusha, wanafunzi wakafa. Wangekuwa wamepima machungwa mwaka mzima, ingesaidia nini? Usukani haukuwa mikononi mwao.

Japani nako lilitokea jambo la aina hiyo, na wale wanafundisha majanga kuliko sisi. Mwaka 2011, katika shule ya msingi ya Okawa, kando ya mto Kitakami, wanafunzi walikaa uwanjani kwa dakika zinazokaribia 50 baada ya tetemeko huku walimu wakishauriana. Kilima kilikuwa nyuma ya shule, na wapo watoto waliotaka kupanda. Tsunami ikapanda kwa njia ya mto, wakafa wanafunzi 74 kati ya 108. Huko Kamaishi, mji mwingine wa Japani, ambako watoto na walimu walikuwa wamezoeshwa pamoja kukimbilia juu bila kungoja amri, karibu wanafunzi 3,000 walisalimika.

Kwa hiyo mzee ana haki nusu. Kumfundisha mtoto peke yake ni kumpa ujuzi na kumnyima sauti. Lakini tofauti ya Okawa na Kamaishi haikuwa kwamba kumoja watoto waliachwa wacheze na kwingine watu wazima wakabeba jukumu. Kamaishi walizoea wote. Ningependa siku ya makarai wazazi waitwe, na dereva wa gari la shule, na mjumbe wa mtaa, kila mmoja abebe dumu lake na amimine mwenyewe kwenye nailoni. Yule mama pia, tena yeye wa kwanza, kwa sababu ndiye atakayeamua kama mtoto avuke mtaro asubuhi ya mvua au asubiri.

Ile ramani waliyoichora ilionesha kalavati limeziba kwa mifuko na mchanga zaidi ya nusu. Waliinakili vizuri, wakaandika barua, mwalimu akawapeleka wawili kwenye ofisi ya mtaa. Walipokelewa kwa heshima, wakapewa soda. Nilipita pale juzi baada ya mvua ya usiku. Kalavati liko vilevile, ila ukutani kuna mistari mipya ya chaki, kila mmoja na tarehe yake, na wa juu kabisa umeandikwa sm 41.