Kebo ya Kujibizana: Hasara Ilikuwa Kwenye King'amuzi, Faida Ilikuwa Kwenye Waya

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu biashara ya televisheni ya kebo inayomruhusu mtazamaji kujibu, kupiga kura na kuagiza filamu, mifano miwili ya Marekani huletwa haraka ili kufunga mjadala. Wa kwanza ni QUBE, iliyoanza Desemba 1977 mjini Columbus, Ohio, na kufifia katikati ya miaka ya 1980. Wa pili ni Full Service Network ya Time Warner, iliyozinduliwa Orlando, Florida, Desemba 1994, ikafungwa 1997. Baada ya hapo hutolewa hukumu: watu wakishakaa mbele ya televisheni hawataki kubonyeza kitu. Naiona hukumu hiyo kuwa nyepesi mno, na inaweza kumpoteza mtu anayepima leo kama aweke mtaji wake huko.

Watu wa Columbus walibonyeza. QUBE ilikuwa na chaneli 30 na vitufe vya majibu kwenye rimoti, na kompyuta za kampuni zilikusanya majibu ya nyumba zote kila baada ya sekunde chache. Mwaka 1978 watazamaji walifikia hatua ya kuichagulia timu ya futiboli ya Kimarekani mbinu za kucheza uwanjani, mchezo ukiwa unaendelea. Chaneli zilizojaribiwa pale ndizo mbegu za Nickelodeon, chaneli ya watoto, na MTV, chaneli ya muziki. Hamu ilikuwepo. Kilichokosekana ni malipo, kwa sababu kura haina bei, na mtu aliyefurahia kuchagua mbinu ya mchezo hakuona kwa nini achangie gharama ya mtambo uliomwezesha.

Orlando ilijaribu kuuza vitu vyenye bei: filamu kwa kuagiza, manunuzi, michezo. Hapa wakosoaji wana hoja nzito, na siipunguzi hata kidogo. King'amuzi kilichowekwa nyumbani kwa mteja kilikuwa kompyuta kamili yenye teknolojia ya Silicon Graphics, kampuni ya kompyuta zenye nguvu, na kiligharimu maelfu ya dola. Tuchukue hesabu ya mfano tu: kifaa cha dola 3,000, na mteja mwenye moyo anayeongeza dola 30 kila mwezi juu ya kifurushi chake. Itachukua miezi 100, yaani zaidi ya miaka minane, kurudisha bei ya kifaa peke yake. Hapo bado hujalipa seva, haki za filamu, fundi, wala riba ya mkopo. Na kifaa cha aina hiyo huwa kimepitwa na wakati kabla hata nusu ya miezi hiyo haijaisha. Mradi ulifikia nyumba 4,000 hivi. Hata kila nyumba ingeagiza filamu kila usiku wa wikendi, hesabu hiyo isingekaa sawa.

Lakini hesabu hiyo inahusu king'amuzi. Waya una hesabu yake, na hiyo ndiyo isiyosimuliwa.

Kebo ya zamani ilijengwa kama mti: ishara hutoka kituoni na kugawanyika matawi hadi majumbani. Ukitaka mteja ajibu, mambo hugeuka. Kiunganishi kilicholegea nyuma ya televisheni ya nyumba moja huingiza kelele za umeme, kelele hizo hupanda kuelekea kituoni, hukutana na za jirani na za mtaa mzima, na majibu ya wote huvurugika. Dawa ilikuwa kupeleka nyuzi za kioo (fiber) hadi karibu na makazi, kisha kila kundi la nyumba mia kadhaa lihudumiwe na kituo chake kidogo, ili kelele zisijumlishwe za mji wote. Ni kazi ya kuchimba na kuvuta, ghali na isiyo na mvuto wa matangazo. Kampuni za kebo ziliifanya kwa sehemu kubwa zikiota filamu za kuagiza. Machi 1997, mwaka uleule Orlando ilipofungwa, ulitoka mwongozo wa kiufundi wa DOCSIS uliowezesha modemu za kampuni mbalimbali kufanya kazi kwenye kebo yoyote, na ile njia ya kurudishia majibu kituoni ikawa barabara ya intaneti. Mwaka 2015 Comcast, kampuni kubwa ya kebo nchini Marekani, ilikuwa na wateja wengi zaidi wa intaneti kuliko wa televisheni.

Kwa hiyo anayesema fedha za kebo ya kujibizana zilitupwa anahesabu vifaa na kusahau mtaro uliochimbiwa waya. Setilaiti haikuwa na bahati hiyo: ving'amuzi vya Sky nchini Uingereza, kuanzia 1998, vilitegemea laini ya simu ili mteja aweze kujibu.

Hatari zilizobaki ni mbili, na naziogopa kwa viwango tofauti. Ya kwanza ni ya faragha, kwa kuwa mtambo unaopokea jibu lako unajua pia ulichotazama na saa ngapi; hiyo inaweza kudhibitiwa. Sheria ya kebo ya Marekani ya 1984 ilizikataza kampuni kukusanya taarifa binafsi za wateja bila idhini yao, na mwenye biashara makini huomba idhini hiyo waziwazi tangu siku ya kwanza.

Ya pili ndiyo ngumu. Netflix ilipoanza kurusha filamu kwa intaneti mwaka 2007, ilimfikia mteja kwa kupitia waya ambao haikuuchimbia hata mita moja. Filamu ya kuagiza, ndoto iliyogharamia mtaro, ikachukuliwa na mgeni, na mwenye waya akabaki akiuza upana wa njia ya intaneti. Biashara hiyo inalipa, mradi mwenye waya aukubali mtaro kuwa ndiyo mali yake na aache kushindania filamu. Mwekezaji anayeletewa mpango wa kebo ya kujibizana leo aanze na ukurasa wa gharama: ni kiasi gani kinakwenda kwenye nyuzi za mtaani, na ni kiasi gani kwenye kifaa kitakachokaa chini ya televisheni ya mteja. Kama cha pili kinazidi cha kwanza, mimi nisingetia saini.